Somo la 9: Waliochoka Kando ya Kijito cha Besori

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hes. 31:19–24, 48–54; 1 Sam. 30:1–25, 1 Fal. 18:40–19:18, 2 Sam. 19:1–8, Yn. 13:1–15, Gal. 6:2.

Fungu la Kukariri: Zaburi 147:3. Lisome katika Biblia yako, uliandike kwa mkono wako, ukae nalo juma zima.

Baba yangu mdogo aliitwa vitani mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Alikuwa mgambo wa kijiji mkoani Mara, mkulima wa pamba, muumini aliyebatizwa. Majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 11, 1979. Baadaye naye akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, mzima, bila kovu. Walimchinjia mbuzi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninalokumbuka zaidi ni kwamba tangu usiku ule hakulala ndani ya nyumba. Alitandika mkeka kando ya ghala, akaegemeza mgongo ukutani.

Kanisani aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Mvua ilipoanza kupiga mabati alitoka nje, hata kama ingemnyeshea. Waumini walisema amerudi nyuma kiimani. Miaka ikapita, nikaenda chuoni, nikarudi na stashahada ya theolojia. Siku moja niliketi naye nikamwambia, kwa upole wote niliokuwa nao, kwamba akiomba zaidi na kufunga, ndoto zile zitakoma. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu." Hakuzungumza nami tena habari za vita mpaka alipofariki.

Juma hili tunajifunza jinsi Mungu anavyowashughulikia watu waliotoka vitani. Wapo kati yetu: wazee wa Kagera, vijana waliolinda amani Darfur, Lebanoni na Kongo, na wajane na wake zao. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Wenzao waliosalia walirudi nyumbani. Baadhi yao huenda wameketi katika madarasa yetu asubuhi hii.

JUMAPILI: Siku Saba Nje ya Kambi

*Soma Hesabu 31:19–24. Askari waliorudi walitakiwa kufanya nini kabla ya kuingia kambini? Kwa nini agizo hilo liliwahusu hata waliokuwa wametii amri?*

Hesabu 31 ni sura ngumu. Vita ya Midiani ina mambo ambayo msomaji mwaminifu hawezi kuyapita bila kuumia moyo, na mwalimu asijifanye kwamba hayapo. Lakini ndani yake kuna agizo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Kila aliyeua mtu, na kila aliyegusa maiti, alikaa nje ya kambi siku saba. Alijitakasa siku ya tatu na siku ya saba. Mavazi, vyombo vya ngozi, vyombo vya mti, hata vyuma, vyote vilitakaswa. Siku ya saba walifua nguo zao, ndipo wakaingia.

Watu hawa hawakuwa wahalifu. Walitumwa. Hata hivyo Mungu hakuruhusu mtu atoke vitani asubuhi na jioni ale chakula na watoto wake kana kwamba alikuwa ametoka kupalilia. Aliweka muda, akaweka mahali, akaweka maji na kuhani. Tena hawakukaa nje mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa na wenzake walioona aliyoyaona.

*Sasa soma aya ya 48 hadi 54. Majemadari waliwahesabu watu wao wakaona hali gani? Kisha wakaleta nini, na kwa sababu gani?*

Hakupungua hata mtu mmoja. Tungetegemea wimbo hapo. Wao wakaleta dhahabu ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zao mbele za Bwana. Jeshi lilikuwa limetimia, lakini wao walijua kwamba ndani yao kuna jambo halijakaa sawa. Musa hakuwaambia kwamba imani yao ni haba. Yeye na Eleazari kuhani waliipokea dhahabu ile, wakaiingiza katika hema ya kukutania iwe ukumbusho.

Makabila yetu mengi nayo yalikuwa na njia yao ya kumpokea mtu aliyemwaga damu. Hakuingia nyumbani moja kwa moja. Wazee walimtenga kwa muda, wakamtakasa, ndipo akarudishwa kwa watu wake. Wazee wa kanisa waliokataza matambiko hayo hawakukosea, kwa kuwa yaliita mizimu. Kosa letu ni kwamba tuliziba mlango ule bila kufungua mwingine, na askari Mkristo akajikuta hana pa kupitia.

*Askari au mlinda amani anaporudi kutoka kazini, kanisa lenu hufanya nini baada ya kumtangaza mbele na kumpigia makofi?*

JUMATATU: Mia Mbili

*Soma 1 Samweli 30:1–10. Watu mia mbili hawakuvuka kijito cha Besori kwa sababu gani?*

Daudi na watu wake mia sita walifika Siklagi siku ya tatu. Mji ulikuwa umeteketezwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Wakalia hata nguvu za kulia zikawaishia. Kisha wakaanza kusema habari ya kumpiga Daudi kwa mawe, yeye ambaye wake zake pia walikuwa wametekwa. Uchungu wa askari mara nyingi humwangukia aliye karibu naye. Wake wa maveterani wanalielewa jambo hili kuliko wafafanuzi wa Biblia.

Wahubiri wengi tunapofika aya ya 6 husimama hapo, maana ni aya tamu: Daudi akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Nimeihubiri mara kadhaa. Lakini aya ya 10 inatupeleka kijitoni, na pale watu mia mbili wanashindwa kuvuka. Walikuwa na Mungu yule yule, jemadari yule yule, njia ile ile na msiba ule ule. Biblia haisemi waliogopa, wala haisemi walikosa imani. Inasema walichoka.

*Soma aya ya 21 hadi 25. Daudi aliporudi na ushindi alianza kuwafanyia nini wale mia mbili? Wengine walitaka watendewe nini?*

Mia nne wakaenda, wakapigana, wakarudi na kila kitu. Daudi akawakaribia waliobaki, akawauliza hali zao. Hilo lilitangulia habari za nyara. Ndipo wengine, ambao Biblia yenyewe inawaita wabaya, wakasema kwamba hawa wachukue wake zao na watoto wao waende zao, wasipewe kingine. Daudi aliwajibu kwa kuwaita ndugu zangu, akakataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo watagawana sawasawa. Akaifanya kuwa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Pale kijijini niliwasikia watu wakiuliza, "Mbona fulani walikwenda naye pamoja na hana shida yoyote?" Fulani huyo alikuwa amerudi akafungua duka, akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Swali hilo lina majibu. Wataalamu wa afya ya akili wanaeleza kwamba watu wawili wanaweza kupitia tukio moja, mmoja akapata nafuu baada ya muda na mwingine akabaki na kiwewe kwa miaka: ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo kidogo, kukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, hasira, pombe. Inategemea aliyoyaona au kuyatenda, alikaa hatarini kwa muda gani, na aliwahi kuumizwa nini kabla ya hapo. Inategemea pia watu wanampokeaje anaporudi. Hilo la mwisho liko mikononi mwetu.

Tunapozungumza juu ya ustahimilivu tunaelekea kufikiri ni nguvu ya mtu mmoja kifuani mwake, anayo au hana. Kule Besori mia mbili walistahimili kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekataa wasihesabiwe.

*Je, umewahi kumwambia mtu aliyechoka kwamba amekosa imani? Mimi nimekiri langu. Unaweza kumrudia?*

JUMANNE: Mkate Kwanza

*Soma 1 Wafalme 18:40 na 19:1–18. Pangilia kwa mfuatano mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya.*

Mara nyingi tunasahau kwamba Eliya alifika chini ya mretemu akiwa ametoka mahali pa kuua. Kule kijito cha Kishoni manabii wa Baali waliuawa kwa agizo lake. Kisha alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaomba afe. Kumwacha mtumishi ni dalili ambayo mwalimu aitazame vizuri. Mtu anayeanza kuwaondoa watu karibu naye mmoja mmoja anahitaji kufuatwa.

Malaika alimgusa, akamwambia ale. Alikula, akanywa, akalala tena. Malaika hakumkemea kwa kulala mara ya pili. Akamgusa tena, na safari hii akasema njia ni ndefu kuliko nguvu zake. Mahubiri yalikuja baadaye, baada ya siku arobaini, na yalianza na swali: anafanya nini pale?

Mungu aliuliza swali hilo mara mbili, kabla ya upepo na moto na baada yake, na Eliya alijibu mara mbili kwa maneno yale yale, karibu neno kwa neno. Aliyeishi na mtu wa vita anaijua habari hiyo: kisa kile kile, daraja lile lile, rafiki yule yule aliyeanguka, jioni hadi jioni. Sisi huchoka, tukasema, "Hilo ulishatueleza." Mungu alisikiliza yote mara ya pili, ndipo akampa Eliya kazi, mwenzake Elisha, na habari kwamba wako elfu saba wengine.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaosimama juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Nilipousoma nilirudi kwenye mretemu ule. Umefanana nao sana.

JUMATANO: Baada ya Nderemo

*Soma 2 Samweli 19:1–8. Watu waliingiaje mjini siku ya ushindi wao?*

Waliingia kwa kujificha, kama watu wanaoona haya kwa kukimbia vita. Walikuwa wameshinda, lakini mfalme alikuwa akimlilia Absalomu na hakutokea kuwaona. Yoabu alimkemea kwa ukali, na sipendi sauti yake hata kidogo, lakini neno lake lilikuwa na haki: watu hawa waliokoa maisha yako leo. Daudi akainuka, akaketi langoni, na watu wote wakaja mbele yake.

Kila mwaka Julai 25 taifa letu huwakumbuka mashujaa, na pale Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya waliokufa katika vita ya Kagera. Ni vema. Lakini lango la kanisa la mtaa ni jambo jingine, nalo liko wazi Sabato hamsini na mbili kwa mwaka.

Hapa inabidi niseme jambo linalotugusa sisi hasa. Kanisa letu linafundisha njia ya kutobeba silaha, na linamwachia kila muumini dhamiri yake. Tunapenda kumsimulia Desmond Doss, askari tabibu Mwadventista aliyekataa kugusa bunduki, na ambaye mwaka 1945 katika kisiwa cha Okinawa aliwateremsha majeruhi kwa kamba kutoka juu ya jabali, mmoja baada ya mwingine, wapatao 75. Kisa hicho ni cha kweli na ni kizuri. Lakini fikiri mzee wa Kagera anakisikiliza akiwa benchi la mwisho, yeye ambaye bunduki aliishika. Tunamwambia nini? Na kwa Doss mwenyewe, sisi husimulia ule mwamba na ile nishani, tukaishia hapo. Vita ilimwachia majeraha na kifua kikuu, akapoteza pafu moja, na miaka mingi baada ya nishani ilikuwa miaka ya hospitali. Aliyewateremsha wenzake naye alihitaji kubebwa.

ALHAMISI: Viti Karibu na Mlango

*Soma Wagalatia 6:2 na Yohana 13:1–15. Mzigo unaotajwa hapa unachukuliwa kwa njia gani?*

Wazo la kuwakusanya maveterani wazungumze wao kwa wao halikuanza hospitalini. Mwaka 1970 huko New York, askari waliorudi kutoka Vietnam waliwaalika madaktari wawili wa akili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, waketi nao katika vikao vyao. Madaktari walikuwa wageni. Ilikuwa kabla ya 1980, mwaka ambao chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliuweka rasmi katika orodha ya magonjwa ule msongo unaofuata kiwewe. Wagonjwa waliutambua ugonjwa wao kabla haujaandikwa.

Miaka michache iliyopita tulifanya jambo kama hilo katika ukumbi mdogo wa kanisa, siku tatu, na wazee wachache pamoja na vijana wawili waliowahi kulinda amani. Tuliliita warsha, kwa kukosa neno bora. Tulikuwa na muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya, na naamini bila yeye tungeumiza watu. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupanga viti upya. Sisi tulikuwa tumepanga safu kama za mahubiri. Yeye alipanga duara, mgongo wa kila kiti ukielekea ukuta, na vingine karibu na mlango. Nilimkumbuka baba mdogo na mkeka wake.

Alituonya tusimlazimishe mtu yeyote kusimulia. Sisi Waadventista tunapenda ushuhuda, na tunadhani kila kilichomo moyoni kikitolewa mara moja mbele ya watu, mtu huwa amepona. Alisema kumsukuma mtu arudie tukio kabla hajawa tayari kunaweza kumrudisha kule kule. Kwa hiyo siku ya kwanza hatukugusa vita. Tulijifunza kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ya kuvuta. Tulijifunza, mtu anaposhtuka, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili na ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona. Mzee mmoja alicheka, akasema huo ni mchezo wa chekechea. Kesho yake akatuambia aliutumia usiku.

Wake zao walikaa kikao chao peke yao na mama wa Dorkasi. Hatukuuliza yaliyosemwa. Walitoka wakiwa na ombi moja tu, kwamba waume zao wasiamshwe kwa kuguswa bali kwa kuitwa jina kutoka mbali, na kwamba watoto wa kanisa waelezwe hivyo bila kutisha mtu.

Muuguzi alisema pia mambo mawili ambayo naomba kila kiongozi ayaweke akilini. Dawa ya akili aliyoandika daktari si dhambi, na asiwepo wa kumwambia muumini aiache ili athibitishe imani. Mitaani mtu akitajwa kwenda Mirembe watu hucheka, kanisani tusicheke. La pili, mtu akisema hatamani kuishi, muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye silaha na sumu ya pamba. Nenda naye kituo cha afya, wala usimpe tu maelekezo ya njia.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya ushirika mtakatifu. Tulipotoka kwa huduma ya unyenyekevu, wanaume wale walijikuta pamoja bila mtu kuwapanga. Mmoja wa wazee alikuwa hajatawadhwa miguu kwa miaka mingi. Sote tulidhani ana kinyongo na mtu. Siku hiyo alikaa, mwenzake akachuchumaa na beseni, naye akasema kwa sauti ndogo kwamba hatujui miguu hii imekanyaga wapi. Mwenzake alijibu kwamba yeye anajua, kwa sababu walikwenda wote. Akabaki pale amechuchumaa, maji yakipoa. Baada ya muda mzee akavua kiatu kimoja.

Hatukumdai cha pili.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Ellen G. White, *Manabii na Wafalme*, soma sura zinazoeleza safari ya Eliya kutoka Yezreeli hadi Horebu. Angalia jinsi mwandishi anavyomtendea nabii aliyekata tamaa. Kisha usome tena 1 Samweli 30:11, 12, juu ya kijana Mmisri aliyeachwa nyikani na bwana wake kwa sababu aliugua. Hesabu vitu alivyopewa kabla ya kuulizwa neno lolote.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu kuna nani aliyewahi kuvaa sare? Kama hamjui, mtajuaje bila kumwaibisha mtu?

2. Mtu anayetoka nje katikati ya ibada huchukuliwaje kanisani kwenu? Mashemasi wa mlangoni wameelekezwa kufanya nini?

3. Muumini mmoja anasema, "Damu ya Yesu imemtakasa, kwa hiyo hahitaji muuguzi." Mwingine anasema, "Mpelekeni hospitali, kanisa halina kazi hapo." Mtawajibuje wote wawili kutoka katika mafungu ya juma hili?

4. Mzee aliyepigana Kagera anakuuliza kama Mungu amemsamehe kwa aliyoyatenda alipoamriwa. Anasema usimjibu haraka. Utaanza kwa kufanya nini?

5. Kituo cha afya chenye mhudumu wa afya ya akili kiko umbali gani kutoka kanisani kwenu, na nani kati yenu anaweza kumsindikiza mtu huko siku ya kazi?